Taa Chini ya Meza

Alhamisi, Machi 1978

Eti umeme wetu wa bwawa la Jinja unawaka hadi Nairobi, na mimi hapa Lubaga wiki nzima nimekula gizani! Leo Mama Atieno, jirani yangu Mkenya, amerudi kutoka Busia mpakani na mafuta ya taa ya magendo, akanigawia chupa moja.

Ile kuwasha tu, hodi! Sajini wa nyumba ya pili. Nikaisukuma taa chini ya meza.

"Mama, mafuta ulitoa wapi?"

"Mafuta gani, afande?" Na moshi huo unafuka kwenye kitambaa cha meza.

Akatoa mkono mgongoni. Ameshika taa yake, kavu kabisa.

"Hata mimi iko na watoto," akanong'ona.

Nikamjazia, nikamnong'oneza yalikotoka. Jumamosi Mama Atieno anarudi Busia kuleta mengine, kwa gari la jeshi la sajini.