Kapasita ya Mashine ya Mama

Jumamosi, Njoro

...na vidole vya Mama bado viko vyote, nashukuru.

Ni ile mashine ya kukatia ng'ombe nyasi. Tangu mvua ianze, ukiwasha stima mota inanguruma tu, haizunguki, mpaka Mama asukume gurudumu kwa mkono. Hapo karibu na visu! Nikimgombeza ananijibu, "Inataka tu kusukumwa kidogo, kama wewe asubuhi."

Leo nimemleta fundi Kiprono. Akafungua ubavuni mwa mota, akatoa kimkebe cheusi kama betri ya tochi.

"Mathe, hii ndiyo kapasita. Inaweka chaji, halafu inaiachilia mara moja ndio mota ipate nguvu ya kuanza. Yako imekufa."

Mama akanyoosha kidole kutaka kuigusa.

"Usiguse hapo juu!" fundi akamkataza. " Hata stima ikizimwa, chaji inaweza kubaki ndani."

Mimi hesabu za kapasita nilizikariri shuleni, nikapata maksi zangu, na sikuwahi kufikiria kwamba siku moja zingehusu nyasi za ng'ombe.

Kiprono akafunga mpya. Nikawasha. Mashine ikaanza yenyewe, vuuu, Mama akapiga makofi kama mtoto.

Jioni nilikuwa mlangoni na kikombe cha chai alipoenda kuiwasha mwenyewe. Mashine ilikuwa tayari inazunguka kwa kasi, na mkono wake ukainuka kulifuata gurudumu. Akaukamata kwa ule mwingine, kisha akageuka kuona kama nimeona.

Nikajifanya naangalia chai.

Sasa hiyo chaji iliyobaki mkononi mwa Mama itatolewa na fundi gani?