Bajaji Isiyompita Mzee Manji

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Wiki ya tatu nafundisha bajaji. Ndiyo, nafundisha! Naendesha stendi hadi hospitali, kamera zinaangalia, kompyuta inajifunza kuiendesha yenyewe. Injinia wetu Tarun anasema endesha kama siku zote. Basi nikaendesha kama siku zote — na breki dukani kwa Mzee Manji, shikamoo, marahaba, safari inaendelea. Nimpite kama nguzo ya umeme? Ana mtoto wa jicho, ananijua kwa sauti.

Kauliza itaanza lini kubeba watu. Amechoka kusubiri mjukuu ampeleke kliniki ya macho. Nimemwahidi abiria wa kwanza ni yeye. Mdomo wangu huu!

Alhamisi, 9 Oktoba

Imeenda yenyewe! Mimi mikono mapajani, naomba Mungu. Ng'ombe wakakatiza — ikasubiri mpaka ndama wa mwisho. Nimepiga vigelegele barabarani.

Hosea wa kijiweni anasema nafundisha kitu kitakachoninyang'anya mkate. Nikamuuliza, kikikwama mchangani nani atakisukuma, baba yako? Ila yamenikaa moyoni. Tarun anasema kibali cha kubeba abiria kikitoka nitasimamia bajaji zote sita za mradi. Kisipotoka, anafunga virago.

Jumatano, 15 Oktoba

Ukaguzi wa kibali keshokutwa. Upepo, vumbi tupu. Kamera nimezifuta kwa khanga.

Ijumaa, 17 Oktoba

Naandika kwenye benchi la dukani. Ilikuwa inakwenda vizuri! Kufika hapa kwa Mzee Manji ikapunguza mwendo, ikasimama. Kituo hakuna, abiria hakuna. Mkaguzi, Mama Severina, akauliza ina hitilafu gani. Tarun akanigeukia. Nikaelewa, nikatamani ardhi inimeze. Ni mimi! Imejifunza shikamoo yangu!

Sijajieleza, Mzee huyo na mkongojo wake.

"Magreth, leo umenuna? Mbona husalimii?"

Nikamwamkia. Mama Severina naye akamwamkia. Mzee akapapasa kiti, akapanda, akakaa. Akasema twende kliniki. Tukamweleza haya ni majaribio tu, kibali bado. Akasema watoa kibali si ndio hawa? Amegoma kushuka!

Mama Severina kajitenga, anampigia mkubwa wake. Namsikia: hapana, haijaharibika. Imesimama kumsalimia mzee. Halafu kacheka — kacheka kweli! Tarun hathubutu kupumua. Mzee kakumbatia mkongojo, anangoja.

Sasa Mama Severina anakuja huku, simu bado sikioni, ananiuliza kliniki ya macho inafungwa saa ngapi —