Goti la Jambazi

Karatu, Jumanne usiku

Leo tena nimeangushwa mimi. Lemayani, mchunga ng'ombe kutoka kijiji cha Malambo niliyempa nafasi ya jambazi kwenye filamu yangu, amekataa katakata kupigwa na Saitoti, mwanafunzi wangu wa karate, mbele ya kamera.

"Mwalimu, huyu ni wa rika la chini yangu. Wenzangu wa rika wakiona nimepigwa na mdogo, nitakaa nao wapi?"

Nikavaa shuka lake, nikaanguka badala yake. Goti limevimba hadi suruali imegoma kuvulika.

Tajiri anayelipia filamu kafurahi. Anataka nyingine kama hii, na mimi sijui kazi nyingine. Hata kufundisha, kwa goti hili...

Niliacha mashindano ya karate niwe mwongozaji wa filamu, nisipigwe tena. Sasa napigwa, halafu mimi mwenyewe ndiye ninayepiga kelele: "Rudia!"