Mikono Inayonukia Limau

Üsküdar, Jumapili mchana

Dada yangu mpendwa Handan,

Kwanza nabusu mkono wako, ingawa najua ungeuvuta ukacheka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba theluji ya Erzurum imekuachia njia ya kufika shuleni. Wanafunzi wako wamezoea namna unavyosema, au bado wanakuiga ukiwapa kisogo? Bibi anauliza kama unavaa zile soksi za sufu alizokufumia. Mimi nimeshamjibu kwamba unavaa, kwa hiyo usiniaibishe. Sisi hapa hatujambo. Mgongo wa Baba umepata nafuu, kikohozi cha Mama kimekwisha, na mimi naendelea na masomo, hesabu zikiwa zilezile unazozijua.

Utashangaa kupata barua wakati tunazungumza kwa simu kila wiki. Lakini ukipiga, Mama huiweka simu mezani na kuifungulia sauti, kila mtu anasema lake, na zamu yangu ikifika huwa nimebakiwa na neno moja tu, kwamba niko salama. Haya ninayotaka kukuambia hayasemeki mbele ya sahani za kifungua kinywa.

Nianze na Sevda. Ulipoondoka nilidhani kitanda chako kitabaki kitupu kwa muda, nikizoee hivyo. Lakini mama mdogo Nihal alipopata kazi Ujerumani, binti yake huyo alifika na sanduku lake kabla shuka zako hazijakauka kambani. Ni mtoto wa miaka kumi na mitatu mwenye mdomo wa mtu mzima. Wiki ya kwanza tu muuza mikate alikuwa ameshalijua jina lake. Mimi nanunua mkate pale tangu siku niliyoweza kuiona meza yake, na hadi leo ananiita mdogo wake Handan. Bibi, ambaye kwangu hutabasamu, kwa Sevda hucheka hadi anavua miwani. Siku moja Sevda alimwambia kwamba akiendelea kutia siagi ile katika wali, baba wa jirani ataleta posa. Bibi alicheka mchana kutwa. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimebeba sinia, na sikumbuki kama kuna mtu aliniona.

Nilijifariji kwamba angalau Pasha ni wangu. Unamjua paka yule. Hapandi mapajani mwa mtu, haji akiitwa, na Baba humwondokea kiti. Lakini nikisoma hulala juu ya miguu yangu, nami sijigeuzi hata miguu ikifa ganzi. Sevda alijaribu kumbembeleza kwa vipande vya ini, Pasha akala ini na kuondoka. Nisamehe, dada, lakini siku ile nililala kwa raha.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita Sevda alirudi kutoka shule akasema kuna vilio chini ya ngazi, nyuma ya mtambo wa kupashia nyumba joto. Tukashuka, tukakuta watoto watatu wa paka, macho yamefunguka lakini miguu bado haijui inakwenda wapi. Bibi alitukataza kuwagusa, akasema mama yao huenda ameenda kutafuta chakula. Sevda akaketi ngazini na daftari zake, akafanya kazi zake za shule palepale hadi kesho yake jioni, isipokuwa saa za kulala na za shule. Mwishowe muuza mboga akatuambia kwamba paka wa madoa aliyekuwa akizunguka jengo letu aligongwa na gari akafa. Ndipo Sevda akawapandisha juu ndani ya koti lake. Siku ile kulipikwa wali na dengu, na bulguri ya ngano ilibaki tangu jana, basi akawaita Mchele, Dengu na Bulguri. Bibi alivua miwani tena.

Mama hakucheka. Alisema nyumba hii ni ya Pasha kabla ya kuwa ya paka mwingine yeyote, na kwamba hataki vita sebuleni kwake. Wageni wakae kwenye ile roshani ya vioo tunakoanika nguo. Wakielewana na Pasha, watabaki. Wasipoelewana hadi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Baba atawapeleka kwenye ua wa msikiti wa chini. Unaujua ua ule. Chakula wanapewa, hakuna asiyewapa, lakini yale madume makubwa ya pale hayana huruma, na Mchele alikuwa bado anapumua kwa kukoroma kama kijibirika.

Sevda alikwenda kwa daktari wa wanyama wa pale kona, akarudi na maelekezo. Paka hujuana kwanza kwa pua, alisema. Usimwonyeshe mwenye nyumba wageni. Chukua kitambaa, wafute watoto mwili mzima, kisha kiweke chini ya bakuli la mwenyeji. Chukua kingine, mfute mwenyeji, kiweke walikolala watoto. Wakishazoea harufu, wape chakula pande zote mbili za mlango uliofungwa, kisha siku moja uufungue kidogo. Sevda aliyafanya yote hayo kwa uvumilivu ambao sikujua anao. Alikuwa akimwita Pasha mheshimiwa. Alimwambia, mheshimiwa, hawa ni watu wadogo, hawana fujo, wasikilize tu.

Pasha hakusikiliza. Akikinusa kile kitambaa alibana masikio nyuma, akavimba, akakifokea kama kimemtukana. Aliacha bakuli lake bila kula. Akawa analala juu ya kabati, na usiku akarudi miguuni pangu. Nilimhurumia. Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba namwelewa.

Wakati huohuo habari zilienea jengo zima, na majirani wakaanza kuja kuwaona watoto kama watu wanaokuja kumwona mzazi. Unamjua Bibi na wageni wake. Hakuna anayevuka kizingiti chake asimiminiwe marashi ya limau viganjani. Kazi ile ilikuwa yako, na ulipoondoka ikawa yangu. Naipenda, kwa sababu mtu anaweza kuifanya vizuri bila kusema neno. Nilimmiminia Bi. Mualla wa ghorofa ya tatu, nikawamiminia binti zake, nao wakasugua mikono, wakanusa, wakaenda roshani kuwashikashika watoto.

Siku moja Bi. Mualla alileta chupa yake mwenyewe kutoka safarini, akanimiminia mimi pia ili niijaribu. Walipoondoka nikaketi na kitabu. Pasha akaja kama kawaida, akanusa mkono wangu, akapiga chafya. Kisha akabana masikio nyuma na kunifokea mimi, Handan. Mimi. Nikabaki nimeutazama mkono wangu. Alikuwa amenifokea vilevile anavyokifokea kitambaa.

Nikaelewa papo hapo. Hakuwa anawachukia watoto. Alikuwa hajawanusa hata siku moja. Kila jirani aliyewashika alikuwa ameoga limau kwanza, na kila kitambaa kilifuta manyoya yaleyale yenye limau. Ingetosha kusema sentensi moja wakati wa chakula. Nilikula supu yangu nikanyamaza.

Laiti ningeishia kunyamaza. Siku iliyofuata Sevda aliporudi kutoka shule, alinikuta mlangoni nimeshika chupa. Wewe unajua vizuri kwamba watu wa nyumbani hawamiminiwi wakirudi kutoka shule. Marashi yanamiminwa kwa mgeni. Nilisema huko nje kuna mafua, bora asafishe mikono kabla ya kwenda kwa watoto. Alinitazama kidogo, kisha akaweka begi chini na kunyoosha viganja. Bibi alikuwa jikoni, akaniona, akasema Nermin amekua, Nermin ameshika adabu za dada yake. Kumbe ndiyo sifa niliyokuwa nikiingoja tangu Sevda afike, na niliipata kwa kazi ile. Kesho yake nikammiminia tena, na siku zote zilizofuata. Alinyoosha mikono kila mara, hakuuliza kitu. Wakati mwingine alinitania, akasema hoteli yenu hii ina huduma nzuri.

Wiki ya mwisho ikafika. Mama alianza kutafuta boksi lenye matundu. Alhamisi hiyo mwalimu wa mwisho hakuja, nikarudi nyumbani mapema. Bibi alikuwa amelala kidogo, na mlango wa roshani ulikuwa wazi nusu. Sevda naye alikuwa amesharudi, amekaa sakafuni kati ya nguo zinazoning'inia, anawasemesha watoto. Nilidhani anawaaga. Nikasimama nisikilize, na nakiri nilitaka kumsikia akilia.

Hakuwa akilia. Alikuwa akiwafundisha. Alimwambia Dengu kwamba huko waendako asiombe chakula mara ya pili hadi aambiwe ongeza, hata kama njaa ipo, na akiambiwa akatae kwanza mara moja. Alimwambia Bulguri asikalie mto wa mtu mwingine, atazame kwanza nani hukaa wapi, kisha achague pale ambapo hapana mtu. Alimwambia Mchele kwamba kukoroma si vizuri, lakini kuchekesha kunasaidia, kwa sababu mtu akishacheka hakufukuzi siku hiyo. Aliyasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa.

Nikakumbuka kwamba tangu afike sijawahi kumwona akiongeza wali kabla Mama hajamhimiza mara mbili. Wala hajawahi kukaa kwenye mto wangu ule wa dirishani. Mimi nilidhani haupendi.

Nilirudi mlangoni nikaufunga kwa kishindo ili ajue nimefika. Kisha nikaichukua ile chupa mezani, nikaimwaga yote bafuni, nikafungua maji. Nilipotoka alikuwa amesimama ukumbini, na kwa mazoea alinyoosha viganja. Nikamwambia hakuna leo, twende tukafue vile vitambaa kwa maji matupu, na tunawe mikono mpaka isinuke chochote.  Akavitia viganja mfukoni, akasema haya.

Bibi alipoamka na kukuta chupa tupu aliona aibu kubwa. Jioni ile Bi. Mualla alikuja akaingia bila kumiminiwa, na Bibi alimwomba radhi kana kwamba paa limeondoka. Nilisema imenimwagikia. Niliitwa mzembe, na Sevda akasema mzembe ni yeye, ndiye aliyenigonga kiwiko. Hakunigonga, dada. Hakuwa hata karibu.

Ijumaa tulimfuta Mchele kwa kitambaa kisicho na harufu, tukakiweka chini ya bakuli la Pasha. Alikinusa, akakizunguka, akala. Jioni tukafungua mlango wa roshani kidogo. Mchele akapita kwa kuyumbayumba, akaenda moja kwa moja chini ya kidevu cha mheshimiwa. Pasha alimnusa tangu mkia hadi sikio. Kisha akamwekea mguu shingoni, akaanza kumlamba kichwa kwa nguvu hadi mtoto akaanguka. Baba akasema basi, boksi lirudi dukani. Mama akasema tutaona, na unajua Mama akisema tutaona tayari ameshakubali. Bibi alimkumbatia Sevda, akamwambia ana mkono wa heri na wanyama. Mimi niliambiwa nichemshe chai.

Sasa ndiyo nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Jana tulikuwa wawili mezani tunamenya njugu za chestnati zilizochomwa, naye bila kuniangalia akaniuliza kwa nini niliacha. Nikajifanya sielewi. Akasema kwamba alijua ni marashi tangu wiki ya kwanza ya mimi kummiminia. Asubuhi moja aliwafuta watoto kabla hajaenda shule, kabla mgeni yeyote hajaja, na Pasha akakinusa kitambaa kile akakilalia. Mchana nikammiminia, na jioni Pasha akafoka. Hesabu ile haikuwa ngumu. Alijua pia, alisema, kwamba mimi nilikuwa nimejua, kwa sababu Nermin hazungumzi na mtu mlangoni hata kwa fimbo, na ghafla nikawa namngoja kila siku.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Kwa nini hakukataa tu. Akamenya chestnati nzima kwanza. Kisha akasema kwamba paka anaweza kuishi kwenye ua wa msikiti. Angesema, ingekuwa neno lake na langu, na mimi ndiye binti wa nyumba. Wangeweza kubaki paka akaondoka yeye.

Aliniwekea ile chestnati kwenye sahani yangu, akachukua nyingine.

 Nimekaa na maneno hayo tangu jana, Handan. Nilitaka kitanda kile kiwe chako tena, nilitaka Bibi anichekee mimi, nilitaka paka awe wangu, na sikuona kwamba mtu aliyekuwa mbele yangu alikuwa akihesabu kila siku kama atabaki. Nataka kumwomba radhi. Mara mbili leo nimefungua mdomo, na mara mbili Pasha amepita mbele yangu na watoto nyuma yake akielekea roshani, hata hajanitazama, na ule moto wa wivu ukaniwaka upya. Usiku sasa analala nao. Miguu yangu ina baridi. Nakuambia kama ilivyo, maana nikisema wivu umekwisha nitakuwa nakudanganya.

Lakini leo asubuhi niliuhamisha mto wa dirishani, nikauweka juu ya kitanda chake akiwa ameenda kununua mkate. Sikuandika kitu wala kusema kitu. Aliporudi aliuona, akakaa pembeni yake, si juu yake. Namngoja.

Usimwambie Mama haya. Bibi na Baba wanakusalimu sana, Mama anasema ule mboga na si chai tu. Sevda naye anakusalimu. Ameniuliza naandika nini kirefu hivi, nikamwambia hesabu. Jifunike vizuri huko kwenye baridi, na Mungu akulinde hadi tuonane.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Nermin