Msiba Tuliouigiza

Rwamgasa, Geita

Mayu, mama yangu,

Shikamoo. Najua hutaki kuitikia, lakini mimi nakuamkia hivyo hivyo. Miguu yako inaendeleaje? Na mtama umekubali mwaka huu, au ndege wameumaliza? Mimi mwili mzima, ila moyo umechoka. Simu zangu unazikata ukisikia tu sauti yangu, ndiyo maana nimeandika na kumpa dereva wa lori anayeshusha mizigo hapo Isaka. Mdogo wangu Holo akusomee mkiwa wawili tu.

Nianze na kosa langu. Shija, kama unavyojua, alikuwa anasaga mawe ya dhahabu kwenye mashine ya karasha, na muda unaobaki anatengeneza filamu kwa simu. Ulipoona namfuata ulisema sikio la kufa halisikii dawa, na kweli sikusikia. Miaka minne nimemshikia shuka jeupe ili mwanga uwaangukie waigizaji wake, nimewalisha wali kutoka sufuria ya biashara yangu, nimekuwa nesi, mchawi na mke wa mwenyekiti. Filamu ya kwanza ilipooneshwa kwenye banda la video, watu walicheka pale tulipotaka walie. Yeye akarudi nyumbani akaanza nyingine.

Hii ya safari hii ni ya mchimbaji anayezikwa. Shija mwenyewe akawa maiti, mimi mjane. Nilinyoa nywele kweli, nikavaa kaniki, na fundi seremala akatuazima jeneza. Simu zetu zote mbili zilikuwa kazini, moja ya picha na nyingine ya sauti, kwa hiyo tukazizuia zisipokee simu kwa siku tatu. Hatukufikiria kwamba jirani yetu aliyesimama kati ya waombolezaji naye alikuwa anarekodi, wala kwamba picha yake ingemfikia mjomba bila neno lolote la maelezo. Mkapiga, mkapiga, hatupatikani. Mkawasha moto wa msiba, mkalala nje, baba akanyoa kichwa kwa ajili ya mkwe wake.

Nilipoirudisha simu hewani na kukwambia Shija yuko hapa anakula ugali, ulikata. Sikulaumu. Ingekuwa mimi, ningetukana.

Halafu likaja neno la mjomba: "Aliyekwisha kuliliwa haliliwi tena. Kwetu huyo tumeshamzika. Akifa wa kwelikweli, msituletee." Neno hilo linanitesa kuliko hasira yako, kwa sababu ambayo sijamwambia mtu.

Shija anaumwa. Ulizoea kusema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hiki chake ni kikohozi chenyewe. Tulikwenda hospitali mjini Geita wakampiga picha ya kifua. Daktari alisema mapafu yamejaa vumbi la mawe, na vumbi hilo halina dawa ya kulitoa. Wakati wa kurudi, tulipokaribia nyumbani, Shija akanigeukia.

"Limi, nataka nitengeneze msiba wangu mwenyewe," akasema.

"Unataka kujichuria?"

"Karasha limeshanichuria. Nataka tu nimalize filamu moja nikiwa bado na pumzi. Utanisaidia?"

Nikakubali. Nampenda, hiyo ni moja. Nyingine ni kwamba nilitaka mahali pa kulia ambapo hataniuliza kwa nini nalia. Tulirudia mara tatu, maana alikuwa anakohoa ndani ya jeneza na watu wanaangua kicheko. Mara ya tatu akajikaza mpaka mwisho. Kilio mlichokiona huko nyumbani hakikuwa cha kuigiza, Mayu. Kwa hilo hamkudanganywa.

Sasa hawezi kufika kwenye karasha, wala kisimani. Anakaa kitandani anaunganisha vipande vya filamu, ananiita nitazame, nami natazama na kumwambia ukweli pale palipoharibika, kwa sababu kusifiwa ovyo kunamuudhi. Maneno ya mjomba nimemficha. Kwao hakuna aliyebaki, ninyi ndio watu wake. Nikifikiria kumzika mimi na wateja wangu wa chai tu, nguvu zinaniishia.

Nisalimie baba, umwambie namwomba radhi kwa kumfanya anyoe bure. Mjomba naye mpe shikamoo yangu, hata akiikataa. Bibi aliyenilea mwambie bado nakumbuka kusali. Holo, asante kwa kusoma, na usilie mbele ya Mama.

Sikuombi unisamehe leo. Ila siku nitakapopiga simu kusema Shija amekufa, Mayu, niamini mara ya kwanza, uje.

Mwanao,
Limi