Hatua Thelathini za Well Lane

Namba 1, Well Lane
3 Februari 1997

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Kifua kinaendeleaje? Sisi wazima, na tumeshahamia. Jengo la mawe, zuri ajabu! Nimezungumza na mume wangu Derek. Mama anasahau hata jiko linapowaka, na magoti yako hayawezi kumkimbilia. Aje kwetu. Chumba cha ziada ni kimoja, kitanda chembamba, kwa hiyo wewe tumekupatia nafasi kwenye makao ya wazee, dakika kumi tu kutoka hapa. Usinune.

Mwanao, Lorna

9 Februari

Lorna mwanangu,

Bado nakohoa. Mama yako anakula vizuri, jana aliniimbia.

Anwani yako naijua. Imo kwenye vyeti vya kifo vya babu na bibi yangu. Hapo palikuwa nyumba ya maskini, walimofungiwa wasiojiweza, na karani aliandika namba na jina la barabara tu, ili aibu isiwafuate watoto. Acha nikueleze, maana aliyekuuzia hakukueleza. Jengo lina umbo la msalaba. Msimamizi alikaa katikati, na madirisha yake yalitazama nyua zote nne. Wanaume kushoto, wanawake kulia, ukuta kati. Madirisha yenu yako juu mno, sivyo? Ni ili mtu aone mawingu, asione barabara.

Sheria iliwaruhusu mume na mke waliopita miaka sitini wapewe chumba kimoja. Chumba chenyewe hakikujengwa. Babu na bibi waliishi humo miaka sita, hatua thelathini baina yao, wakionana Jumapili nusu saa.

Tupokee sote wawili. Mimi nitalala sakafuni.

Baba yako

2 Machi

Baba,

Pole na kikohozi. Nilimsomea Derek barua yako, akacheka: "Mzee wako ukimpa hoteli, atatafuta mifupa chini ya zulia!" Ukuta ule ulibomolewa, Baba. Tunaegesha magari hapo. Na ulale sakafuni kwa magoti yapi? Gari litamfuata Mama Alhamisi.

Lorna

30 Machi

Baba,

Tangu uhamie makao hujaniandikia. Makao wanasema huli. Mama mzima, ila kila jioni anauliza uko wapi. Njoo Jumapili, saa nane mpaka saa tisa. Zaidi ya hapo anachoka. Bonyeza kengele, msimamizi wa jengo atakufungulia.

Mwanao

1 Aprili

Lorna,

Mimi mzima. Nitakuja.

Babu na bibi walipewa nusu saa. Wewe umetupa saa nzima. Asante.

Baba yako