Kwa Kaka Makame, Aliyesimama na Vumi Nyuma ya Bega Langu

Mpendwa kaka yangu Makame,

Shikamoo. Najua hutaitika marahaba, na hata ungekuwa hai umesimama hapo mlangoni ukaitika, nisingeisikia. Kwa hilo tumekuwa sawa, wewe huko uliko na mimi hapa Juani. Naandika kwa herufi zilezile zilizotuchapisha viboko chuoni, na barua hii siifungi. Atakayeiona na aisome. Akiwa ni mtu wa kikundi cha Chole, na aisome mara mbili.

Nataka watu wajue kwa nini vumi letu lilisimama pale lilipokuwa likisimama.

Unakumbuka lilivyotuletea maneno. Vikundi vyote vya lelemama, ngoma yetu ya wanawake, kuanzia Ndagoni hadi Chole, huwaweka wapigaji wao nyuma kabisa, na vumi nyuma ya wote. Sababu zao ni mbili. Ya kwanza, vumi ndiyo ngoma kubwa yenye sauti nene, na wanasema likimkaribia mwimbaji linamla sauti. Ya pili, mpigaji ni mwanamume, na wanawake waliojipamba wakapanda juu ya mabenchi si watu wa kusogelewa na mwanamume. Sisi wa Juani peke yetu ndio tuliokuwa na kichekesho chetu: zumari kule, chapuo kule, upatu kule, halafu Makame huyo, kajibandika nyuma ya bega langu la kushoto na lile pipa lake.

Bibi Mwanakombo, kiongozi wetu, alikuruhusu kwa kuwa wewe ni maharimu wangu, tumbo moja, maziwa mamoja. Lakini hakupenda. Kila mazoezi alikufokea.

“We Makame, hebu rudi nyuma! Unataka kuonekana weye?”

Nawe ukimjibu kwa upole ule wako wa kuudhi, “Fimbo ya mbali haiui nyoka, bibi.”

Wakacheka, wakasema unajipendekeza kwa wanawake. Wengine wakasema mbaya zaidi, na wifi yangu Zuhura, mkeo, akayasikia, ukalala na njaa si mara moja. Hukumwambia hata yeye. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa wewe peke yako.

Sikukuambia mimi. Uligundua mwenyewe. Ilikuwa ule mwaka nilioinuka kitandani baada ya homa kali, masikio yananivumia kama nimeyatia ndani ya kombe la baharini. Sauti nyembamba ziliondoka kwanza. Ndege walinyamaza. Zumari likawa ni mtu anayevimbisha mashavu bila sababu. Watoto wakawa wanafungua midomo tu. Zilibaki sauti nene, nazo ziwe karibu. Nikawa naimba kwa kulishika vumi lako tu, mengine yote nayabahatisha, na nilidhani nimewaweza watu wote.

Siku moja mazoezini uliacha kupiga. Makusudi. Wenzako wote wakaendelea, zumari linalia, chapuo linakwenda, wanawake wanarusha mikono, na mimi nikasimama katikati ya wimbo kama mbuzi aliyekatikiwa kamba. Niligeuka. Ulikuwa unanitazama usoni. Ukanyanyua mkono ukapiga tena, na nikaingia palepale nilipoachia. Hukuuliza kitu. Siku iliyofuata ulilibeba vumi ukaliweka nyuma ya bega langu, na hapo ndipo kelele zote zile zilipoanza.

Wasiozijua ngoma zetu watauliza, kwani kuna nini mtu akisema tu kwamba hasikii? Hawakuwahi kusimama kwenye benchi. Harusi kubwa hualikwa vikundi viwili, na vikundi viwili havikutani kupongezana. Wenzio wanakuchunguza tangu unyayo hadi utosi, wakiona dosari wanaitungia wimbo palepale, na wimbo huo utaukuta kisimani, shambani, kila mahali. Yule mama wa Ndagoni aliyeanguka benchini amekwisha kuwa mzee, na bado anaanguka kila siku watu wanapotwanga. Mimi sikuwa mzuri wa sura, mume alishaniacha, mtoto Mungu hakunijalia. Nilikuwa na sauti. Watu wa Chole walikuwa wakisema “Mize” na kumaanisha sauti. Niliogopa siku watakaposema “Mize” wakamaanisha sikio.

Basi tukaalikwa harusi kwa Bi Salma.

Nakuandikia haya ingawa ulikuwepo, kwa sababu ulikuwa upande wa pili wa ua na hukuona niliyoyaona. Bi Salma alikuwa mwenye ile minazi yote ya upande wa juu wa Chole, nasaba yake ya Maskati, na alikuwa anamwoza binti yake wa pekee. Tulivuka maji alasiri, tukafika tumevaa, na cha kwanza tulichokiona ni ua mpya wa makuti uliokata uwanja vipande viwili. Wanawake huku, wapigaji kule. Kikundi cha Chole kilikuwa kimeshapanga mabenchi yake, na wapigaji wake walikuwa wameshakaa nje bila neno, kwani kwao haikuwa kitu kigeni.

Bibi Mwanakombo alikuonyesha nje kwa kidole. Nikakuona unakwenda kwa Bi Salma mwenyewe, umeinamisha kichwa. Midomo yake nilikuwa najua kuisoma kwa sababu alikuwa anatamka kila neno kama analipima.

“Wewe ni kaka wa mmoja,” alisema. “Hawa wengine nao ni dada zako?”

Alikuwa na haki. Ulirudi, ukapita mbele yangu bila kunitazama. Mimi nilikuwa ndani, wewe nje, katikati yetu ukuta wa makuti na uwanja mzima wa wanawake wanaoongea. Nilimwambia Bibi Mwanakombo naumwa tumbo. Akanishika mkono akanipandisha benchini.

“Utaumwa kesho,” alisema.

Ndipo nilipoona ua unatingishika kwa chini. Mabenchi yetu yalikuwa mbao ndefu za chombo kilichovunjwa, zimelazwa juu ya magogo, na ule ubao wangu ulikuwa mrefu kuliko zote. Kumbe umeinua makuti, umeivuta ncha yake mpaka nje, unawaambia watu kwamba ubao usiposhikiliwa utapinduka. Mzee mmoja wa Bi Salma akaja akatazama. Ncha ya ubao ilikuwa nje, mwanamume alikuwa nje, hapakuwa na la kukataza. Akaenda zake.

Sikuelewa, kaka. Wallahi sikuelewa. Nilidhani umepata wazimu.

Chole walianza wao. Waliimba vizuri, sina haja ya kusema uongo, niliona kwa nyuso za wageni. Mwimbaji wao alipomaliza alinitazama kwa muda mrefu kisha akamwinamia jirani yake, akasema jambo, wakacheka wote wawili. Kisha uwanja wote ukanigeukia mimi.

Sikujua kama mmeanza. Hilo ndilo ninalotaka ulijue. Nilisimama na mdomo wazi, wenzangu pembeni nao wameinua mikono wananingoja, na makuti hayaonyeshi kitu. Huenda mlikuwa mnapiga. Huenda mlikuwa mnaningoja mimi. Bibi Mwanakombo alikunja uso. Yule mwimbaji wa Chole aliacha kucheka, akawa ananitazama kwa makini, na makini yake ilinitisha kuliko kicheko. Nilivua mitalawanda yangu, vile viatu vya mbao, ili nishuke nikimbie. Nilipokanyaga ubao kwa unyayo mtupu, nikakuhisi.

Ulikuwa umeketi kwenye ile ncha, vumi mapajani, na kwa kila pigo la mkono unaukandamiza ubao kwa kisigino. Du. Du-du. Du. Mdundo ulinipanda miguuni ukanifika magotini. Nikaimba.

Niliimba kama mtu aliyefunguliwa. Wenzangu wakafuata, mikono ikaenda pamoja, vigelegele nikaviona midomoni mwa watu. Nikafika ubeti wa pili na wa tatu. Halafu shangazi yake Bi Salma, yule mnene, akapata furaha akapanda benchini kuja kunitunza. Alipokanyaga ule ubao, ulikufa. Sikuhisi tena kitu. Alisimama hapo ananibandika kitambaa begani, anatabasamu, na mimi nikawa peke yangu duniani.

Sikunyamaza. Nilipiga moyo konde nikaendelea, na nilijua nakimbia, mtu akiogopa hukimbia. Nilikuwa nangoja nione lini nyuso zitaharibika. Hazikuharibika. Baadaye ndipo niliposimuliwa yaliyotokea nje. Ulinisikia nimetangulia, ukaliacha pigo la wenzako ukanifuata mimi. Mpiga zumari akakutukania mama yetu, Mungu amrehemu. Mwenye chapuo akakupiga teke. Wewe ukakaza tu, na kwa kuwa hakuna wa kubishana na vumi, wakalazimika kukimbia na wewe, wakakimbia na mimi, na ndani ya ua kila mtu akadhani tumechochea makusudi. Wanawake waliamka kwenye mikeka. Hata yule wa Chole aliinuka, akacheza.

Hapakutungwa wimbo siku hiyo.

Tuliporudi, Bibi Mwanakombo alikuweka kitako mbele ya kikundi kizima. Alisema umeharibu ngoma, umewakimbiza watu kama wanaofukuzwa na nyuki, hufai kupewa hata kopo. Nilifungua mdomo nikataka kusema. Ulinikata jicho.

“Nimekosa, bibi,” ulisema. “Mkono uliniteleza.”

Kisigino chako kilikuwa kimevimba, umekificha chini ya kikoi. Nilikikanda kwa maji ya chumvi nyumbani kwako, nikalia, ukanicheka, na Zuhura akadhani tumegombana.

Sasa umekufa. Ulikwenda Rufiji kukata boriti kwenye mikoko, ukapata homa, wakakuzika hukohuko, na sisi tukaletewa habari na kikoi. Nimekasirika nawe na sitaki kuficha. Miti ilikuwepo hapa. Ungekata hapa. Najua hayo si maneno ya kumwambia marehemu, lakini nikimwambia nani mwingine?

Vumi lako sasa analipiga kijana wa ukoo wa Bibi Mwanakombo. Anapiga vizuri, kwa adabu, nyuma kabisa, mahali panapofaa. Nilikwenda mazoezi yake mara moja. Nilipotea kwenye ubeti wa kwanza na sikurudi tena. Nikashuka benchini, nikamwendea Bibi Mwanakombo mbele ya watu wote, nikamwambia kwamba sisikii. Nikamwambia na habari ya ubao, na ya kisigino, na kwa nini ulisimama pale ulipokuwa ukisimama.

Akanishika kidevu ili niione midomo yake.

“Na miye nikamtukana mpaka akafa,” alisema.

Machozi yalimtoka, yule mama asiyelia msibani. Siku hizi ananipa benchi niketi karibu na wasichana niwafundishe maneno ya nyimbo. Chole wamekwisha kutunga wimbo wao juu yangu, nimeambiwa. Wanasema ni mzuri. Nimefurahi kwamba sitausikia.

Liko jambo moja tu linalonikosesha usingizi, na ndilo lililonifanya nitafute kalamu.

Asubuhi uliyoondoka nilikuwa pwani, nimeinama nachimbua chaza, mgongo nimeupa maji. Tulishaagana nyumbani. Zuhura alinisimulia baada ya matanga kwamba mashua ilipokuwa inasukumwa ulisimama juu yake ukaniita. Uliita tena na tena. Watu wa mashua wakakuambia achana naye, hasikii kwa upepo. Ukasema hapana, ngojeni, anasikia tu, ana kiburi. Hata hapo hukuitoa siri yangu. Ukacheka, ukapiga ukelele mrefu, maneno mengi, kisha ukaketi. Wakati huo mashua ilikuwa imeshamwacha Zuhura mbali. Alilishika jina langu, mengine yakapotea.

Nimewauliza wale wa mashua waliorudi. Hawakumbuki. Mmoja anasema ulikuwa unatania. Mwingine anasema ulikuwa unaniagiza kitu.

Nilikuwa karibu, kaka. Ningegeuka ningeona midomo yako.

Mungu akulaze mahali pasipo na homa. Mimi bado nashuka pwani kila asubuhi, na siku hizi nachimbua chaza nikiwa nimeelekea maji.

Uliniita uniambie nini?

Mdogo wako,
Mize